Kuosha na Kutunza Brashi za Nywele Nyumbani: Mwongozo Kamili

Chukua brashi unayochania kila siku, isogeze penye mwanga, kisha tazama chini kabisa, pale meno yanapoota. Nywele zilizojiviringisha utaziona mara moja. Chini yake kuna kitu kingine cha kijivu, mfano wa pamba iliyochakaa, kimejishika kwenye shina la kila jino. Ukikivuta kinatoka kama utando na kuacha mafuta vidoleni. Hicho cha kijivu ndicho kilichonifanya niandike, maana wengi wetu hung'oa nywele tukaona kazi imekwisha, nacho kikabaki palepale miezi na miezi.

Ni mchanganyiko wa nyuzi ndogo za nguo, taulo na foronya ambazo nywele huzibeba bila mtu kujua, vumbi, vipande vya nywele zilizokatika, na ngozi ya kichwa iliyokufa na kubanduka. Vyote hivyo hushikamanishwa na sebamu, yaani mafuta ambayo ngozi ya kichwa huyatoa yenyewe, pamoja na mafuta, jeli na sprei unazopaka. Ni kawaida kichwa kudondosha nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na sehemu kubwa ya hizo huishia kwenye brashi, zikawa wavu wa kunasa kila kinachopita.

Tatizo ni kwamba brashi hurudisha ilichokusanya. Unaosha nywele asubuhi zinang'aa, halafu unazichana kwa brashi yenye mafuta ya wiki tatu, na mafuta yale yale ya zamani yanapakwa upya kuanzia kwenye mizizi hadi kwenye ncha. Mtu akiniambia nywele zake zinalala na kunata siku moja tu baada ya kuoshwa, humwuliza habari ya brashi kabla ya kumwuliza anatumia shampuu gani. Sisemi kwamba brashi chafu ndiyo inayoleta mba. Mba ina mambo yake, na mojawapo ni kuvu iitwayo Malassezia, ambayo huishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu na kujilisha kwa hayo mafuta ya kichwa. Lakini kama unatumia shampuu ya mba kwa bidii, kuchana kwa brashi iliyojaa magamba ya mwezi uliopita ni kujirudisha nyuma.

Kuna jambo moja nataka lieleweke kabla hatujaanza. Watu hudhani kuosha brashi ni kazi ya maji. Maji ni dakika chache tu za katikati. Kazi kubwa iko kabla ya maji, wakati wa kutoa takataka zikiwa kavu, na baada ya maji, wakati wa kukausha. Niliwahi kuwa na brashi ya mpini wa mbao niliyoipenda sana. Jioni moja niliitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto yenye sabuni, nikalala. Asubuhi mbao ilikuwa imevimba, rangi yake ya juu imechanika kwa mistari myembamba, na raba iliyoshika meno imebanduka upande mmoja. Uchafu wenyewe, ule wa kijivu, ulikuwa bado umo, umegeuka tope. Brashi ile ingeweza kudumu miaka mingi.

Ijue brashi yako kwanza

Namna ya kuosha hutegemea brashi imetengenezwa kwa nini. Geuza yako uitazame vizuri.

Brashi ya plastiki tupu, ambayo meno na mwili ni kitu kimoja, ndiyo rahisi kuliko zote. Inaweza kulowekwa, kusuguliwa na kusuuzwa chini ya bomba bila wasiwasi, mradi maji yasiwe ya kuchemka. Machanuo na vitana vya plastiki viko kwenye kundi hili.

Brashi ya mto ni ile ambayo meno yake yameota kwenye raba laini iliyovimba kidogo. Ukiibonyeza inaingia ndani, ukiachia inarudi. Chini ya raba kuna hewa, na mahali fulani juu ya raba utaona tundu dogo ambalo hewa hiyo hupitia. Mto huo ndio unaofanya jino likubali kurudi nyuma likikutana na fundo, badala ya kulikata. Mason Pearson wa London alibuni brashi ya namna hii mwaka 1885, na mpaka leo ndiyo inayopatikana nyumba nyingi. Shida iko kwenye lile tundu: linalopitisha hewa linapitisha na maji. Yakishaingia, yanakaa gizani bila njia nzuri ya kutoka, na kuvu inaota usipoiona. Bonyeza mto wa brashi yako karibu na pua. Ikitoka harufu ya nguo iliyokaa mbichi, maji yalishaingia humo siku nyingi.

Brashi ya singa hutumia manyoya magumu ya nguruwe mwitu au nguruwe wa kufugwa, wakati mwingine yakichanganywa na nailoni. Ukiifahamu hii vizuri utaitunza vizuri. Singa zimeundwa kwa keratini, protini ileile inayounda nywele zako. Ndiyo maana hubeba mafuta ya kichwa na kuyasambaza hadi kwenye ncha, na ndiyo maana pia hujaa uchafu upesi. Hesabu yake ni nyepesi: usichokubali kukimwaga kichwani mwako, usikimwage kwenye singa. Maji ya kuchemka, sabuni kali ya kufulia na dawa ya klorini vinazikausha mpaka zinakatika.

Mpini au mwili wa mbao hauvumilii kulowekwa, hata kwa dakika kumi. Mbao hunywa maji na kuvimba, na ikikauka haraka hupasuka.

Brashi ya mviringo, ya kunyooshea nywele kwa draya, mara nyingi ina bomba la chuma au kauri lenye matundu. Nywele hujifunga humo kama uzi kwenye kibao cha mshonaji, na moto wa draya hupika sprei na mafuta hadi yakawa gamba. Adui wake ni kutu, hasa pale bomba linapokutana na mpini.

Brashi za umeme, zile zinazopata moto zenyewe, haziingii majini kamwe. Chomoa waya, acha ipoe kabisa, toa nywele, kisha pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Huo ndio mwisho wa habari yake.

Vitu vya kuandaa

Hakuna cha kununua hapa. Tafuta kitana chenye mkia mrefu au kijiti chochote chembamba kisichochoma, mkasi mdogo, kibano cha kung'olea nyusi, mswaki wa zamani wenye nywele ngumu kidogo, kijiti cha meno, beseni, kitambaa laini na taulo. Sabuni ni shampuu yako ya kawaida. Shampuu imetengenezwa kuondoa sebamu kwenye keratini bila kuiumiza, na hiyo ndiyo kazi yenyewe tuliyo nayo. Kwa brashi ya plastiki tu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inafaa pia, na kwa mafuta mazito ni bora zaidi.

Chagua siku ambayo hutaihitaji brashi mpaka kesho yake. Hili watu hulidharau, halafu usiku wanachana kwa brashi iliyolowa.

Hatua ya kwanza: toa nywele zikiwa kavu

Usiilowanishe brashi kabla nywele hazijatoka. Nywele zikilowa hujibana kwenye meno, na ule uchafu wa kijivu hugeuka tope linaloshuka chini zaidi.

Kwa brashi bapa, pitisha mkia wa kitana chini kabisa ya nywele, kati ya safu mbili za meno, kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Nyanyua kidogo, sogea safu inayofuata, nyanyua tena. Baada ya kuzunguka pande zote utaona nywele zimepanda na kukaa juu ya meno kama mkeka, na hapo utazitoa kwa vidole zikiwa kipande kimoja. Usishike fundo la nywele ukalivuta kwa nguvu kwenda juu, hasa kwenye brashi ya mto. Meno yake yamechomekwa tu kwenye raba, na yakivutwa hutoka.

Brashi ya mviringo inahitaji mkasi. Ingiza ncha yake chini ya nywele, ukate mstari mmoja ulionyooka kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho, ukipita katikati ya safu za meno. Geuza robo, kata mstari mwingine, endelea mpaka imekamilika mistari minne. Nywele zilizokuwa zimezunguka sasa ni vipande vifupi, na kitana kitazitoa bila kupigana nazo. Kuwa mwangalifu usikate meno. Kwenye brashi ya singa nenda polepole mara mbili zaidi.

Kinachobaki kwenye shina la meno, nywele mojamoja zilizofunga kitanzi, utakitoa kwa kibano.

Hatua ya pili: toa ule wa kijivu

Hapa ndipo nakuomba utumie muda. Ukiifanya vizuri hatua hii, sabuni itakuwa na kazi ndogo sana.

Shika brashi meno yakitazama chini, juu ya gazeti kuukuu au nje ya nyumba. Chukua mswaki ukiwa mkavu, uingize kati ya safu, na usugue kutoka kwenye shina kuelekea ncha, ukikokota takataka zitoke. Ukisugua huku na huku utazizungusha tu humo humo. Maliza safu moja ndipo uende nyingine. Mara kwa mara gonga ubavu wa brashi kwenye kiganja ili kilicholegea kidondoke. Utando ukiwa mzito, usukume na mkia wa kitana kwanza, kisha uuchukue kwa kibano.

Brashi yenye meno mengi yaliyosongamana inaweza kuchukua dakika kumi na tano hapa. Hata mimi huwa natamani kuruka nikaanze maji, na kila nilipofanya hivyo nilijikuta narudi mwanzo na brashi iliyolowa.

Ugumu huu si mpya. Mwaka 1898 Lyda Newman, mwanamke Mmarekani mweusi aliyeishi New York, alipewa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, ya brashi ya nywele aliyoifikiria kwa jicho la mtu anayeisafisha: sehemu yenye meno iliweza kutolewa, na kulikuwa na nafasi ya uchafu kupita kati ya meno na kukusanyika ndani, ambako ungeweza kuufikia na kuutoa. Nikitazama brashi nyingi za leo, zenye raba iliyogandishwa kwa gundi isiyoachia, naona wazo lile lilistahili kufuatwa zaidi. Zipo zinazofuata njia hiyo: kwenye brashi nyingi za kampuni ya Denman, kwa mfano, raba yenye meno huteleza ikatoka kwenye mpini. Kama yako inafunguka, ifungue sasa. Utashangaa kilichojificha nyuma yake.

Hatua ya tatu: sabuni

Weka maji ya vuguvugu kwenye beseni, joto lile ambalo ungemwogeshea mtoto. Kwa lita moja ya maji, kijiko kimoja cha chai cha shampuu kinatosha. Povu jingi ni kazi ya ziada ya kusuuza.

Ya plastiki tupu iloweke dakika kumi hadi kumi na tano, kisha sugua kwa mswaki safu kwa safu, mbele, nyuma na mpini. Usisahau mpini. Mikono yenye mafuta ya nywele huushika kila siku, na hakuna anayeukumbuka.

Brashi ya mto usiiloweke. Ziba tundu la hewa kwa ncha ya kijiti cha meno, ukikisukuma taratibu bila kupanua tundu; hakuna kijiti, tumia kipande cha utepe wa gundi au kidole chako. Kisha igeuze meno yatazame chini, uchovye meno peke yake kwenye povu, uyatikise, uyatoe. Raba isizame. Baada ya hapo chovya mswaki kwenye povu, ukung'ute maji, na usugue mashina ya meno na uso wa raba huku brashi ikiendelea kutazama chini, ili maji yanayotiririka yaelekee kwenye ncha na kudondoka. Mkono utachoka kidogo, lakini raba itabaki kavu ndani.

Brashi ya singa nayo huchovywa ncha tu. Ipigepige juu ya maji ya povu, chini juu, chini juu, mara ishirini hivi, utaona maji yanabadilika rangi. Kama uchafu ni mwingi, mimina maji hayo, tengeneza mengine, urudie. Ni bora kurudia kuliko kuloweka. Ukiwa na kitana safi, kipitishe katikati ya singa zikiwa na povu, vilevile unavyochana nywele zenye shampuu.

Bomba la chuma la brashi ya mviringo lisuguliwe haraka kwa mswaki wenye povu na kusuuzwa haraka. Muda mrefu majini ndio unaoita kutu.

Hatua ya nne: suuza

Kilichosuguliwa kisiposuuzwa hukauka kikawa unga mweupe unaodondokea mabegani, na mtu akadhani ni mba. Brashi ya plastiki na ya mviringo zipite chini ya maji yanayotiririka. Ya mto na ya singa zichovye tena, ncha tu, kwenye beseni la maji safi, ubadilishe maji mpaka yasitoe povu. Mpini wa mbao upanguse kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, halafu mara moja kwa kitambaa kikavu.

Hatua ya tano: kausha, na usiwe na haraka

Kung'uta maji kwa nguvu mara tatu nne. Finyilia meno ndani ya taulo. Kama ni brashi ya mto, toa kile kijiti cha meno, uigeuze meno yakitazama chini na ubonyeze mto mara kadhaa; kama kuna tone lililopenya, litatoka sasa. Kisha ilaze juu ya taulo kavu meno yakitazama chini, mpini umeinuliwa kidogo ili hewa ipite. Ukiilaza meno yakitazama juu, maji yote yaliyobaki yatashuka kwenye mashina, kwenye raba na kwenye gundi.

Iache mahali penye hewa na kivuli kwa siku nzima. Jua kali lina nguvu ya kukausha, ni kweli, lakini linazeesha raba hadi ikapasuka, na mbao iliyotoka kulowa hujikunja. Draya ya moto ni mbaya vilevile, kwa kuwa nailoni hulainika ikipata joto jingi na meno yakalala. Hewa baridi ya draya haina neno.

Asubuhi yake gusa mashina ya meno kwa kidole. Kukiwa na ubaridi wa unyevu, subiri zaidi.

Uchafu usiotoka kwa shampuu

Hapa watu hukimbilia siki na bikaboneti ya soda, wakavimwaga pamoja wakafurahia vinavyochemka. Kule kuchemka ni vitu viwili vinavyouana. Siki ni asidi, bikaboneti ni kinyume chake, na vikikutana hutoa gesi ya kaboni dioksidi na kubakiza maji yenye chumvi isiyo na nguvu ya kusafisha. Kila kimoja kina kazi yake kikiwa peke yake.

Anza kwa kujua uchafu wako ni wa aina gani. Jeli iliyokauka kwa kawaida hulainika kwa maji ya vuguvugu, kwa hiyo funika meno kwa kitambaa kilicholowa dakika tano kabla ya kusugua. Sprei ni gundi inayoyeyuka kwenye alkoholi. Lowesha pamba kwa spiriti ya asilimia 70, upanguse jino kwa jino, nalo gamba litaachia. Spiriti isiguse mbao iliyopakwa vanishi wala plastiki inayopenya mwanga kama kioo, maana huondoa ng'aro ya ile na kuiacha hii na ukungu wa nyufa ndogo.

Mafuta mazito, hasa vaselini na mafuta ya mnyonyo, ni mkaidi. Paka tone la sabuni ya vyombo kwenye meno ya plastiki yakiwa bado makavu, usugue kwa mswaki mpaka sabuni ishike mafuta, ndipo uongeze maji. Ukianza na maji, mafuta yatayakwepa na sabuni itapotea bure. Kwa singa fanya vivyo hivyo, ila kwa shampuu.

Bikaboneti ya soda, kijiko kimoja cha chai kwenye lita ya maji ya vuguvugu, husaidia kuondoa harufu kwenye plastiki. Siki, nusu kwa nusu na maji, huyeyusha ule weupe wa chokaa unaoachwa na maji magumu kwenye meno. Pangusa, kisha suuza. Usiipake kwenye chuma chenye dalili ya kutu.

Dawa ya klorini siipendi kwenye brashi. Inakula chuma, inazeesha raba, inaharibu singa. Ukilazimika kuitumia kwenye plastiki, usiichanganye na siki hata kidogo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na hiyo ni sumu ya mapafu.

Nyumba ikipata chawa au mapunye

Brashi safi kwa macho haitoshi hapa.

Chawa wa kichwa hawezi kuishi muda mrefu mbali na kichwa. Akikosa damu hufa ndani ya siku moja au mbili. Hata hivyo brashi na machanuo yaliyotumika na mtu mwenye chawa yanapaswa kulowekwa kwenye maji yenye joto lisilopungua nyuzi 54 za Selsiasi, kwa dakika tano hadi kumi. Huna kipimajoto? Changanya kiasi sawa cha maji yanayochemka na maji ya kawaida ya bomba yasiyo ya baridi sana. Utapata karibu nyuzi 60, joto la kutosha na bado haliyeyushi plastiki. Mimina mara moja, kabla hayajapoa. Joto hilo linaunguza, kwa hiyo beseni liwe mbali na watoto. Brashi ya mbao au ya singa, ambayo haiwezi kuvumilia maji hayo, ifungie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa wiki mbili. Chawa na mayai yake hayatafika huko.

Mapunye ni habari nyingine. Ni ugonjwa wa kuvu, vimelea vyake hukaa muda mrefu kwenye brashi, vitana, kofia na foronya, na huhama kutoka mtoto mmoja kwenda mwingine kwa njia hiyo hiyo. Mapunye ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza kutoka kwa mtaalamu wa afya; ya kupaka peke yake haifiki kwenye mizizi ya nywele. Kuhusu brashi, ushauri wangu ni kutupa ya mbao, ya singa na ya mto, na kuanza na chanuo la plastiki ambalo unaweza kuliua vijidudu kila baada ya kutumia mpaka matibabu yaishe. Najua inauma kutupa brashi nzuri. Kuuona ugonjwa unarudi kwenye kichwa cha mtoto kunauma zaidi.

Na hata pasipo na ugonjwa, kila mtu nyumbani awe na brashi yake. Watoto wapewe za rangi tofauti, wenyewe watazilinda.

Utunzaji wa kila siku

Toa nywele kila unapomaliza kuchana. Ni sekunde kumi, na ndiyo tabia moja inayopunguza kazi zote nilizoeleza hapo juu, kwa kuwa bila wavu wa nywele ule wa kijivu hauna pa kushika. Mara moja kwa wiki pitisha mswaki mkavu. Kuosha kwa sabuni, mara moja kwa mwezi kunawatosha wengi; anayepaka mafuta au jeli kila siku aoshe kila baada ya wiki moja au mbili. Brashi ya singa yenyewe inataka kusafishwa kwa mkavu mara nyingi na kuoshwa mara chache.

Ukipaka mafuta, yape muda yaingie kabla ya kuchana, au tumia chanuo la meno mapana kuyasambaza na uiache brashi kwa ajili ya kumalizia. Fungua mafundo kwa vidole au chanuo kwanza. Brashi inayolazimishwa kupita kwenye fundo hupoteza meno, na kichwa hupoteza nywele.

Usiiache bafuni. Mvuke wa kila siku hufanya kwenye mto na mbao kazi ileile niliyoifanya mimi kwa beseni usiku ule, ila polepole. Ya mkobani iwe na kifuko chake cha kitambaa. Mfuko wa plastiki huhifadhi unyevu. Na usiilaze kwa meno yake, labda ikiwa inakaushwa.

Mpini wa mbao isiyo na vanishi unapoanza kupauka, pangusa kwa kitambaa chenye matone mawili matatu ya mafuta ya madini, yale meupe yasiyo na harufu, uache usiku mmoja, kisha ufute ziada. Mara mbili kwa mwaka inatosha. Yasifike kwenye raba, kwa maana mafuta hulainisha raba na kuilegeza.

Wakati wa kuiacha

Tazama ncha za meno. Nyingi huwa na vishanga vidogo vya mviringo ili zisikwaruze ngozi. Kikidondoka kimoja, ncha iliyobaki inakwaruza kichwa na kunasa nywele kila ipitapo. Vikidondoka kimoja au viwili unaweza kuyang'oa meno hayo kwa kibano. Vikiwa vingi, brashi imekwisha. Nayo imekwisha ikiwa raba imepasuka, singa zimelala na hazisimami tena baada ya kukauka, kutu imeonekana kwenye meno, au harufu inarudi siku mbili baada ya kuosha, maana hiyo inatoka ndani ya mto ambako mkono wako hauwezi kufika.

Brashi mpya ioshe kabla ya kuigusisha kichwani. Hujui imepita mikono mingapi. Ile ya zamani, kama ni ya singa na sababu ya kuiacha ni singa kulegea tu, iweke kabatini. Inatoa vumbi kwenye makoti na kofia kuliko chochote nilichowahi kujaribu.